Somo la Ufundi: Mlango wa Gareji Unapokataa Kufunga

Gareji nyingi za Garsen, Minjila na Hola zina milango ya kuvuta kwa mkono, na mwenye mlango wa namna hiyo anaweza kuliruka somo hili. Tunazungumza na yule aliyefunga mota, au anayepanga kuifunga: mwenye gareji, mwenye ghala la mpunga, msimamizi wa yadi ya magari. Mota ina nguvu ya kushusha shata zito la chuma, lakini haioni. Haijui kama chini yake kuna mtoto, mbuzi, au miguu ya fundi aliyelala chini ya gari. Macho yake ni vile vidude viwili vilivyofungwa huku na huku karibu na sakafu, ambavyo mafundi huviita sensa.

Huko Marekani watoto walikuwa wakifa kwa kubanwa na milango hii, hadi sheria ikapitishwa mwaka 1990. Tangu Januari 1993, kila mota ya gareji ya nyumbani inayotengenezwa kwa soko la huko lazima iwe na kinga ya aina hii. Hapa kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama wa wote wanaofanya kazi hapo. Mlango wa mota ni mtambo kama mitambo mingine.

Sensa hufanya kazi hivi. Jicho moja hutuma mwale usioonekana, na jicho la pili huupokea. Mwale ukikatwa wakati mlango unashuka, mota husimama na kuurudisha mlango juu. Wengi hawajui kwamba waya ukikatika, kioo kikichafuka, au jicho likikosa stima, mota huelewa vilevile, kana kwamba kuna mtu pale. Kwa hiyo mlango unaokataa kufunga huenda haujaharibika. Umeambiwa usifunge, nao umetii.

Hapo ndipo hatari huingia. Fundi mwenye haraka huchukua kipande kifupi cha waya, akaunganisha mahali palipoandikwa COM na palipoandikwa NC ndani ya kisanduku cha mota. Mlango unafunga vizuri, mteja analipa, kila mtu anafurahi. Kuanzia siku hiyo mlango huo ni kipofu. Ukikuta waya wa namna hiyo kwako, mwite aliyeuweka aje autoe na kutafuta ugonjwa wenyewe.

Ukifunga sensa mpya, usizidishe sentimita 15 kutoka sakafuni, ili mwale umkute hata mtoto anayetambaa. Macho yote mawili yawe kwenye kimo kimoja. Vuta uzi wa mwashi kutoka moja hadi jingine. Lakini kwa lori na trekta kimo hicho peke yake hakitoshi. Mwale wa chini hupita katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na mlango hudhani njia ni nyeupe huku bodi ya lori ikiwa juu yake. Yadi yenye magari marefu iongeze jozi ya pili juu zaidi, au mpira wa usalama kwenye ukingo wa chini wa mlango, unaoirudisha mota ukiguswa.

Jua letu nalo lina lake. Jua kali likipiga jicho la kupokea moja kwa moja, jicho hupofuka. Mlango ukitazama kaskazini au kusini, macho yake hutazamana mashariki na magharibi, na moja lazima lipate jua la asubuhi au la jioni. Jiulize unafunga saa ngapi. Kama ni jioni, jicho la kupokea lifungwe upande wa magharibi likitazama mashariki, jua la machweo libaki mgongoni mwake. Mlango unaotazama mashariki au magharibi hauna shida kubwa hivyo.

Sensa nyingi hutumia volti 12 au 24 kutoka kwenye kisanduku cha mota. Usiziunganishe kabisa na stima ya ukutani. Waya upite ndani ya paipu, maana panya huutafuna.

Mlango ukigoma, anza na kitambaa laini. Vumbi na utando wa buibui ndizo sababu za kwanza, na hazihitaji fundi. Kisha tazama taa ndogo ya jicho la kupokea. Katika aina nyingi, taa ikitulia mwale unafika. Ikimemeta, macho hayatazamani. Legeza skrubu, geuza jicho polepole mpaka taa itulie, kaza tena. Taa ikikataa, likinge jicho kwa kofia yako. Likipona, mgonjwa wako ni jua, na kipande kifupi cha paipu kilichofungwa kama kofia mbele ya jicho hutosha. Taa zote zikizimika, tafuta waya uliokatika, ukiwa umezima swichi kuu kwanza. Zaidi ya hapo mwite fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Kila mwezi jaribu. Shusha mlango, kisha pitisha fimbo ya ufagio mbele ya mwale. Usitumie mguu. Mlango usiporudi juu, usitumie mota mpaka itengenezwe.

Mafuriko yana utaratibu wake. Maji yaliyoingia mwaka 2018, kisha 2023 na 2024, yalionyesha kuwa sentimita 15 si kimo kitu. Maji yakitarajiwa, zima swichi kuu mapema. Yakishapita, usiiwashe mpaka fundi akague kisanduku na nyaya. Jicho lenye ukungu ndani ya kioo libadilishwe. Kwa sasa fungeni kwa mkono kwa kuvuta kamba au mnyororo wa dharura, lakini kama mlango umekwama juu, utegemezeni kwanza kwa mbao imara, kwa sababu ukiachiliwa unaweza kushuka kwa kishindo.