Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Leo sina shairi wala kitendawili. Nina somo la fizikia lililotutoa jasho nyumbani.

Kaka yangu hukodisha vyombo vya muziki huku kwetu Litein. Bonasi ya majani chai ilipotoka, baba alimnunulia saplai mbili, yaani visanduku vya kugeuza stima ya volti 240 kuwa volti 12. Kila moja inaweza ampia 8. Amplifaya inakula ampia 10, kwa hivyo kaka aliziunganisha sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Akasema, "Zitagawana tano kwa tano." Tukaenda kwa harambee ya karo. Mgeni wa heshima aliposimama tu, muziki kimya! Aibu gani hiyo? Niligusa saplai: moja inachoma kama sufuria ya chai, nyingine baridi.

Jumatatu nilimwuliza mwalimu wa fizikia. Tulipima kila moja peke yake bila mzigo: ya kwanza volti 12.2, ya pili volti 12.0. Utasema tofauti ni ndogo. Hebu tupige hesabu. Ukinzani wa ndani wa saplai kama hizi ni mdogo sana, tuseme omu 0.02. Ya kwanza ikitoa ampia 10:

12.2 − (10 × 0.02) = volti 12.0

Hapo ndipo ya pili ingeanza kazi! Ya kwanza imebeba ampia zote, imepita kikomo chake, inajizima. Mzigo wote unaangukia ya pili, nayo inajizima.

Dawa ni kuweka rezista ndogo ya omu 0.08 kwa njia ya kila saplai, kabla hazijakutana. Sasa kila upande una omu 0.1:

Ya kwanza: 12.2 − (6 × 0.1) = volti 11.6
Ya pili: 12.0 − (4 × 0.1) = volti 11.6

Sita kwa nne! Anayejitia mbele volti yake inashuka, mwenzake anapata nafasi. Gharama ni volti 0.4 na joto la wati 4 hivi. Sisi tulitumia waya ya shaba ya milimita mraba 1, karibu mita 4.7 kwa kila saplai.

Kama saplai zina skrubu ya kurekebisha volti, zisawazishe kwanza. Lakini usifungue kisanduku; ndani mna umeme wa kuua.

Kwenye arusi iliyofuata niligusa tena: zote vuguvugu, na muziki haukukatika. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Saplai ya pili ilikuwa haijui uzito mpaka ilipoubeba.

Zoezi: mzigo ukiwa ampia 14, kila saplai itabeba ngapi? Je, ni salama?