Kumlea Paka tangu Mdogo



Leo tuzungumze juu ya mnyama ambaye wengi wetu tunaye nyumbani, lakini hatumhesabu kuwa ni mfugo. Tukiulizwa tunafuga nini, tunataja kuku, bata, mbuzi. Paka hatumtaji. Paka yupo tu barazani, anangoja kichwa cha samaki.

Tupige hesabu kidogo. Panya mmoja wa nyumbani hula nafaka gramu 15 hivi kwa siku. Nyumba yenye panya 10 hupoteza gramu 150 kila siku. Zidisha mara 365, utapata gramu 54,750, yaani karibu kilo 55 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya nusu ya gunia la kilo 100, na hapo hatujahesabu mahindi wanayoyachafua kwa mkojo na mavi. Huku kwetu pwani, toka Kunduchi hadi Bagamoyo na Saadani, panya haishii kwenye mahindi na mpunga. Anakula nazi, anakula dagaa wakavu, na wavuvi wanajua anavyotafuna nyavu zilizolundikwa ndani. Basi paka ana kazi ya kufanya. Lakini ataiweza kama amelelewa.

Mtoto wa paka huzaliwa macho yamefumba. Hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno ya kwanza hutoka kama wiki ya tatu, na wiki ya nne huanza kuonja chakula, lakini bado ananyonya. Afadhali asitolewe kwa mama yake mpaka atimize wiki nane.

Sisi tuna haraka. Tunamwona mtoto wa paka kwa jirani, mzuri, anacheza na kifuu, tunamchukua ana wiki nne tu. Tunamwekea ugali mkavu. Siku ya tano kafa, tunasema hakuwa na bahati. Siyo bahati hiyo. Tumemwachisha ziwa kabla ya wakati.

Kuna jambo jingine hapo. Kuwinda paka hujifunza kwa mama. Mama humletea mtoto panya aliyekufa, halafu siku nyingine humletea aliye hai bado, amwachie ahangaike naye. Paka aliyetolewa mapema hulikosa darasa hilo. Kwa hiyo ukitaka paka, usitazame rangi. Uliza: mama yake anakamata panya?

Wako wanaosema, "Ukimshibisha paka hawindi." Tulikuwa tukisema hivyo na sisi. Kumbe paka aliyeshiba pia huwinda, maana kuwinda ni asili yake. Paka wote wa nyumbani wametokana na paka pori wa Afrika, mnyama ambaye mpaka leo yumo katika nyika zetu. Ukimnyima chakula, ataondoka kwenda kukaa penye samaki, au ataiba jikoni mwako, umpige, ahame. Na waswahili tunajua paka akiondoka panya hutawala.

Basi alishwe nini? Akiwa na miezi miwili mpe chakula kidogo kidogo mara nne kwa siku. Baadaye mara tatu, na akifika miezi sita mara mbili zinatosha. Ugali peke yake haumfai. Katika samaki na nyama kuna kiini ambacho paka hawezi kuishi vizuri bila hicho. Akikikosa muda mrefu macho hufifia na moyo hudhoofu. Huku pwani hatuna udhuru. Vichwa vya samaki vipo, dagaa wapo. Wachemshe, toa miiba mikubwa, changanya na ugali kidogo. Ila mtolee sehemu yake kabla hujatia kitunguu na chumvi chunguni, kwa sababu kitunguu ni sumu kwa paka. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Maji safi yawepo siku zote, hata kwenye kifuu.

Mtoto aliyefiwa na mama kabla ya wiki nne ni kazi kubwa. Kwanza tafuta paka mwingine anayenyonyesha, mara nyingi humpokea.

Toka wiki ya pili hadi ya saba ashikwe na watu kila siku, kwa upole. Asiyeshikwa wakati huo hukua na ukali na kuwaogopa watu. Wafundisheni watoto wasimvute mkia.

Sasa tueleze kosa letu wenyewe, maana hatupendi mwingine alirudie. Paka wetu mmoja alijaa viroboto. Mtu mmoja kati yetu alichukua dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi akampaka mwili mzima. Usiku yule mtoto wa paka akaanza kutetemeka, akatetemeka mpaka alfajiri, akafa. Asubuhi tuliisoma ile pakiti. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili, herufi kubwa, kuwa ni ya nafaka. Kusoma tulikuwa tunajua. Hatukusoma.

Dawa nyingi za namna hiyo, na za kuogeshea ng'ombe, na hata nyingine za viroboto vya mbwa, zina sumu ambayo mwili wa paka hauwezi kuitoa. Viroboto vya paka mdogo viondoe kwa chanuo lenye meno ya karibu, ukilichovya kwenye maji ya sabuni, na mahali anapolala pafagiliwe na kitambaa chake kifuliwe. Panadol pia usimpe. Kidonge kimoja tu kinaweza kumwua. Na sumu ya panya? Panya aliyekula sumu, paka akimla, naye huweza kupata sumu ile. Ukifuga paka, sumu iache, na waombe majirani.

Tumbo la mtoto wa paka likivimba kama ngoma huku mgongo umekonda, siyo shibe, mara nyingi ni minyoo. Huipata hata katika maziwa ya mama. Mwone afisa mifugo wa kata (wengine bado tunamwita bwana mifugo, hata akiwa mwanamke), akupe dawa kwa kipimo cha uzito wake.

Akifika miezi mitatu achanjwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina la ugonjwa linatudanganya, tunadhani ni wa mbwa tu. Paka naye huupata akiumwa na mbwa mgonjwa, na yeye huweza kumwambukiza mtu. Kila tarehe 28 Septemba ni siku ya ugonjwa huu duniani, na katika siku za karibu mara nyingi huwa kuna chanjo ya mbwa. Ulizeni ofisini kwenu, mpeleke na paka kwenye kikapu. Mtu akiumwa au akiparurwa na paka asiyejulikana hali yake, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nendeni zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Msipake masizi wala pilipili. Msingoje kuona kama paka atakufa. Dalili zikishaanza kwa mtu, ni karibu haponi.

Waislamu huku kwetu hawamwoni paka kuwa najisi, ndiyo maana huingia mpaka chumbani. Ni vizuri. Kinyesi chake ni jambo jingine. Kinaweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mama mjamzito asikizoe. Mwekeeni paka mchanga kwenye sanduku pembeni, atajifunza upesi, na mtu mwingine auzoe kila siku akizikie mbali na bustani ya mchicha, kisha anawe kwa sabuni.

Paka jike huweza kubeba mimba akiwa na miezi mitano tu. Mimba yake ni siku 65 hivi. Kabla hajatimiza mwaka, naye ni mama wa watoto wanne. Halafu ndipo tunapowatia kwenye kiroba na kwenda kuwatupa sokoni penye samaki. Jambo hili tunalifanya gizani kwa sababu tunajua ni baya. Daktari wa mifugo anaweza kumfunga uzazi kwa upasuaji, na dume kumhasi. Vijijini huduma hii si rahisi kuipata, lakini majirani watano sita wakimwandikia daktari barua pamoja, ni rahisi kidogo kumleta. Usijaribu kwa wembe wako nyumbani.

Sisi sasa kila paka tunamwandikia ukurasa katika daftari. Ukurasa wa mwisho unasema hivi:

Paka jike, madoa meusi. Kazaliwa kwa jirani, Machi 2. Kaletwa kwetu Aprili 29. Dawa ya minyoo, Mei 1. Chanjo, Juni 5. Kurudia, Juni mwaka ujao. Panya wa kwanza, Julai 11, saa moja jioni, chini ya uchaga.