Somo la Wiki: Laini ya Simu ni Ufunguo wa Sanduku la Fedha

Muda mfupi baada ya saa sita usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kuamkia Januari 10, 2024, soko la bitcoin lilipata habari lililokuwa likiisubiri kwa miaka mingi. Tume inayosimamia masoko ya hisa nchini Marekani, SEC, ilitangaza katika ukurasa wake wa mtandao wa X kwamba imeruhusu mifuko ya uwekezaji inayoshika bitcoin kuuzwa katika masoko ya nchi hiyo. Katika dakika chache bei ya bitcoin moja ilipanda kwa zaidi ya dola 1,000.

Tangazo hilo lilikuwa la uongo. Baada ya kama robo saa, aliyekuwa mwenyekiti wa SEC, Gary Gensler, alieleza kuwa ukurasa wa tume umevamiwa na kwamba hakuna kibali kilichotolewa. Bei iliporomoka kwa zaidi ya dola 2,000. Kibali cha kweli kilitolewa siku iliyofuata, lakini aliyenunua kwa pupa na kuuza kwa hofu katika robo saa ile hakurudishiwa fedha yake na mtu yeyote.

Kinachowahusu wafanyabiashara na wawekezaji wadogo wa hapa kwetu si bitcoin. Ni namna wizi huo ulivyofanyika, kwa sababu haukuhitaji mtaalamu wa kompyuta. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa mahakamani, kijana mmoja wa jimbo la Alabama alichapa kitambulisho bandia kwa mashine yake mwenyewe, akaingia katika duka la kampuni ya simu mjini Huntsville, na kuomba apewe laini mpya yenye namba ya mtu aliyekuwa na mamlaka juu ya ukurasa wa SEC. Akapewa. Alinunua simu mpya, akaweka laini, akapokea namba za uthibitisho zilizotumwa kwa ujumbe mfupi na kuwapa wenzake. Baadaye aliirudisha simu hiyo dukani ili arudishiwe fedha zake. Mei 2025 alihukumiwa kifungo cha miezi 14.

Katika wizi huo hakuna aliyelikisia neno la siri la SEC. Wezi walikuwa na namba ya simu, wakadai kuwa wamesahau neno la siri, na mtandao ukawapa nafasi ya kuweka jipya. Tume yenyewe ilikiri kwamba ulinzi wa hatua mbili katika ukurasa huo ulikuwa umezimwa tangu Julai 2023, kwa ombi la wafanyakazi wake waliokuwa wakipata shida ya kuingia. Ikiwa chombo kinachowahimiza wenzake kulinda taarifa za wawekezaji kinaweza kuteleza hivyo, mwenye duka la vitenge hana sababu ya kujiona yuko salama.

Namba ya simu si mali iliyofungiwa ndani ya simu. Ni maandishi katika daftari la kampuni ya simu, yanayosema namba fulani iko kwenye kadi fulani. Mteja anapopoteza laini na kuomba kuirudisha, mhudumu hubadili maandishi hayo: namba inahamia kadi mpya na kadi ya zamani inakufa papo hapo. Utaratibu huu ni mzuri, na bila huo kila anayeibiwa simu Kariakoo angepoteza wateja wake wote. Lakini humhudumia pia mwizi anayejua jina kamili la mwenye namba, namba ya kitambulisho chake na mahali alipozaliwa, na anayeweza kumdanganya mhudumu au kula naye.

Taarifa hizo hazipatikani kwa uchawi. Jina na namba ya simu vimeandikwa kwenye bango la duka. Nakala ya kitambulisho iliachwa kwenye kibanda cha fotokopi pale karatasi ya kwanza ilipotoka na wino hafifu. Namba ya kitambulisho na kiasi cha fedha vimo katika daftari la wakala, ambalo kila mteja anayefuata hulisoma akiwa anasubiri zamu yake. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uwe wa lazima Tanzania, wapo pia mawakala wa barabarani wanaomwambia mteja kuwa "kidole hakijasoma, weka tena", na kumbe mara ya pili wanasajili laini nyingine kwa jina lake. Laini hiyo itatumika kutapeli watu, na polisi wakifuatilia watafika kwake. Kila mwenye simu Tanzania anaweza kupiga *106# na kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Inafaa kufanya hivyo mara kwa mara, hasa baada ya kusajili laini kwa mtu asiye na duka.

Kwa mfanyabiashara hasara haiishii kwenye salio. Jina lake ndilo mtaji wake wa pili. Mwizi aliyeshika namba yake anaweza kumwandikia mwenye ghala: "Mzee, shikamoo, mpe kijana wangu katoni 40 za mafuta, nitalipa Ijumaa." Mali kauli inatoka, kwa kuwa namba ni ile ile iliyozoeleka kwa miaka. Anaweza kuwaandikia wadaiwa kwamba ile hela waitume kwenye namba nyingine. Ujumbe wa aina hiyo ukitoka kwa namba ngeni hucheka hata mtoto wa shule, lakini ukitoka kwa namba ya mtu anayedai kweli, wengi watalipa. Anaweza pia kuomba mkopo wa simu, na deni litabaki kwa mwenye jina mpaka athibitishe vinginevyo. Anayenunua hisa au vipande vya mifuko ya pamoja kwa simu yuko katika hali hiyo hiyo, kwa sababu taarifa za akaunti yake hupita katika namba ile.

Dawa ya kwanza ni rahisi na wengi hawaitumii: namba mbili. Moja iwe ya bango, ya wateja na ya madalali. Nyingine iwe ya benki, ya akaunti ya hisa na ya barua pepe, isiandikwe kwenye kadi ya biashara, isiwekwe kwenye kundi lolote, wala asipewe mtu yeyote wa dukani. Mwizi hawezi kuhamisha namba asiyoijua. Wapo wanaosema ni usumbufu kubeba laini mbili, ingawa wengi wao tayari wanabeba tatu ili kufukuzia vifurushi vya bei nafuu. Tahadhari ni moja: laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake anaweza kupewa mtu mwingine. Kwa hiyo laini ya benki iwekewe salio na itumike.

Ya pili ni kuifunga laini yenyewe kwa namba ya siri. Hii si ile ya kufungua simu wala ile ya kutumia fedha. Ni ya kadi ya laini, na ipo katika mipangilio ya usalama ya karibu kila simu, hata ya vitufe. Bila hiyo, mwizi wa simu huchomoa laini, huiweka katika simu nyingine na kuanza kupokea ujumbe wa uthibitisho hata kama simu aliyoiiba imefungwa. Ikiwepo, kadi hudai namba hiyo kila inapowashwa na hujifunga baada ya majaribio matatu. Kabla ya kuiweka, hakikisha ile karatasi ya plastiki iliyokuja na laini, yenye namba ndefu ya kuifungulia, ipo nyumbani.

Kuhusu namba ya siri ya fedha, hesabu inatosha. Tarakimu nne zina mipangilio 10,000. Anayetumia mwaka wake wa kuzaliwa amejiweka katika kundi dogo mno, kwani tangu 1950 hadi 2005 ni miaka 56 tu. Aliyeiona nakala ya kitambulisho hahitaji hata kubahatisha.

Maneno ya siri ya mtandaoni yana ugonjwa wake. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa maneno ya siri ya wateja yapatayo milioni 32, na watu zaidi ya 290,000 kati yao walikuwa wanatumia 123456. Kibaya zaidi ni kutumia neno moja kila mahali. Maneno yaliyoibwa LinkedIn mwaka 2012 yalidhaniwa kuwa kama milioni 6.5, lakini mwaka 2016 ikafahamika kuwa yalizidi milioni 100. Wezi huchukua orodha kama hizo na kujaribu kila jozi ya barua pepe na neno la siri katika benki na masoko mengine. Huhitaji kuwa umeibiwa na benki yako. Inatosha kuwa umeibiwa na mtandao uliojiunga nao zamani na kuusahau.

Ushauri wa kubadili neno la siri kila baada ya miezi mitatu umepitwa na wakati. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliuacha mwaka 2017, kwa sababu anayelazimishwa kubadili huongeza 1, kisha 2, kisha 3 mwishoni. Urefu ndio unaolinda. Maneno manne au matano yasiyohusiana, kama mtu anayetaja vitu vilivyotapakaa stoo, yanashinda neno fupi lenye alama za ajabu. Methali na mashairi ya nyimbo hayafai, kwa kuwa yanajulikana na kila mtu. Barua pepe ndiyo ipewe neno gumu kuliko yote, maana maneno mengine yote hurejeshwa kupitia humo. Kuyaandika katika daftari linalofungiwa nyumbani si kosa, kwa sababu mwizi wa mtandaoni hafiki kabatini.

Panapowezekana, namba za uthibitisho zisije kwa ujumbe mfupi. Zipo programu za bure zinazozitengeneza ndani ya simu yenyewe, na hizo hazihami laini ikihamishwa. Zitolewapo namba za akiba wakati wa kujiunga, zichapwe na kuwekwa pamoja na hati za biashara.

Utapeli wa mdomo unaendelea kuvuna kuliko mbinu zote hizi. Mpigaji huwa na adabu kuliko mhudumu wa kweli: "Shikamoo mzee wangu, nakupigia kutoka makao makuu, kuna muamala umekwama, nisomee tu tarakimu sita zilizoingia hapo." Tarakimu hizo ndizo ufunguo wenyewe. Mfanyakazi halali wa benki, wa kampuni ya simu au wa dalali wa hisa hana kazi nazo. Namba ya tapeli wa namna hiyo hutumwa kwa ujumbe kwenda 15040, ambayo TCRA imeitenga kwa ajili hiyo.

Dalili ya kwanza kwamba laini imehamishwa ni simu kupoteza mtandao ghafla wakati simu ya jirani, ya kampuni ile ile, inashika. Wengi huizima na kuiwasha, kisha husubiri mpaka asubuhi. Saa hizo ndizo mwizi anazozihitaji. Mwenye laini aazime simu, aipigie kampuni ya simu ifunge namba, kisha benki izuie akaunti, kisha dalali wa hisa asimamishe maagizo yoyote ya kuuza. Wenye maghala na wadaiwa waarifiwe siku hiyo hiyo kwamba maagizo ya namba ile hayatambuliki. Baada ya hapo aende kituo cha polisi achukue namba ya RB, aandike barua kwa benki akitaja saa mtandao ulipokatika na saa alipotoa taarifa, na asiondoke kaunta mpaka nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.