Huduma na Ujira: Tunajifunza Nini kwa Wanafunzi Wanaolipwa Kuitumikia Jamii?



Wapendwa wasomaji, somo letu linahusu swali linalosikika mara nyingi seminarini na katika vikao vya parokia: mtu anayelipwa kwa kuwahudumia maskini, je, bado anatumikia, au anafanya kazi tu kama wafanyakazi wengine? Wapo wanaosema kwamba huduma ya kweli haina malipo, na pesa ikiingia, upendo unatoka. Tunaona hoja hiyo inahitaji kupimwa vizuri, kwa sababu jibu letu ndilo linaloamua nani atapata nafasi ya kutumikia na nani atabaki nje.

Tutachukua mfano mmoja, yaani utaratibu wa vyuo vya Marekani wa kuwapeleka wanafunzi kufanya mafunzo kwa vitendo katika mashirika ya kijamii, huku wakilipwa. Utaratibu huo una zaidi ya miaka 50, kwa hiyo faida na hatari zake zinaonekana. Kisha tutaupima kwa Maandiko Matakatifu na Mafundisho Jamii ya Kanisa.

1. Maana yake

Tutofautishe mambo matatu. Kujitolea ni kutoa muda na nguvu kwa ajili ya wengine, hata kama mtu hajifunzi lolote jipya. Mafunzo kwa vitendo, ambayo vijana wetu huyaita fildi, lengo lake la kwanza ni mwanafunzi mwenyewe: apate ujuzi, aandike ripoti, apate alama. Kujifunza kwa kutumikia huunganisha hayo mawili. Jamii inapata huduma inayoihitaji kweli, mwanafunzi anapata elimu, na chuo kinasimamia vyote viwili kwa makubaliano na shirika linalompokea.

Mfano ni mwanafunzi wa ualimu anayewafundisha kusoma watoto waliobaki nyuma darasani. Akiwafundisha tu, amejitolea. Akiwafundisha, kisha kila wiki akaketi na mwalimu wake kuchunguza kwa nini watoto wa mtaa ule wanabaki nyuma, amejifunza kwa kutumikia. Wengi wetu tunaijua njia hii kwa maneno matatu: Ona, Amua, Tenda. Ndiyo njia ya Kardinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji, mwanzilishi wa chama cha Vijana Wakristo Wafanyakazi, ambayo Mtakatifu Papa Yohane XXIII aliipendekeza katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961.

2. Historia kwa ufupi

Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kupambana na umaskini. Ndani yake kulikuwa na mpango wa kazi na masomo: mwanafunzi asiye na uwezo apewe kazi ya saa chache kwa wiki, na serikali ichangie sehemu kubwa ya ujira wake. Kazi hiyo iliweza kufanyika chuoni, au nje ya chuo katika shirika lenye manufaa kwa jamii.

Miaka miwili baadaye, jiji la New York lilianza kuutumia mpango huo kuwaweka wanafunzi katika idara za jiji na mashirika yasiyo ya kibiashara. Wakati huohuo, katika jimbo la Tennessee, vyuo vilivyoungana pale Oak Ridge viliwapeleka wanafunzi wakafanye kazi na vikundi vya maendeleo katika mabonde ya mito. Kutokana na kazi hiyo, Robert Sigmon na William Ramsey walianza kulitumia jina la kujifunza kwa kutumikia. Mwaka 1969 ulifanyika mkutano mjini Atlanta kulijadili jambo hilo, na vyuo vingi vikaendelea nalo.

Leo, kila chuo kinachopokea fedha za mpango wa kazi na masomo kinatakiwa na sheria kutumia angalau asilimia 7 ya mgao wake kuwalipa wanafunzi wanaotoa huduma kwa jamii. Kwa kawaida serikali hutoa hadi asilimia 75 ya ujira, na kiasi kinachobaki hutolewa na chuo au shirika. Mwanafunzi hawezi kulipwa chini ya kima cha chini cha mshahara, wala haruhusiwi kuwekwa mahali pa mfanyakazi aliyeondolewa ili kupunguza gharama. Hapo sheria inawalinda watu wawili kwa pamoja: kijana anayeingia, na mama au baba aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kabla yake.

3. Je, ujira unaharibu huduma?

Tumsikilize Bwana wetu. Katika Injili ya Mathayo sura ya 10, Yesu anawatuma Thenashara. Katika aya ya 8 anawaagiza watoe bure kwa kuwa walipokea bure. Aya mbili tu baadaye anasema kwamba mtenda kazi anastahili kupewa riziki yake. Luka (10:7) anatumia neno ujira. Maneno haya mawili yalitoka kinywani mwake siku ileile, na hayapingani. Neema haiuzwi: mgonjwa haombwi pesa ndipo aponywe. Lakini anayeipeleka neema hiyo ana tumbo, ana nauli, ana wazazi nyumbani.

Mtume Paulo anatufikisha mbali zaidi. Katika 1 Wakorintho 9 anatetea kwa nguvu haki ya mhubiri kuishi kwa Injili, halafu anasema yeye mwenyewe hakuitumia haki hiyo. Pale Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Priskila (Mdo 18:3). Lakini katika 2 Wakorintho 11:8-9 anaeleza jambo tunalolisahau: makanisa mengine yalimpa riziki ili awahudumie Wakorintho, na ndugu kutoka Makedonia walimjazia alichopungukiwa. Kumbe huduma iliyokuwa bure kwa Wakorintho haikuwa bila gharama. Kuna aliyeilipia.

Tujifunze mambo mawili hapo. Kwanza, kumhudumia maskini bure na kumlipa anayemhudumia ni mambo yanayokaa pamoja. Pili, mtu anaweza kuuacha ujira wake kwa hiari, kama Paulo, na hiyo ni sadaka. Lakini mwingine hana ruhusa ya kumwachisha ujira huo kisha akaita sadaka. Sadaka hutolewa na mwenye mali.

Papa Leo XIII aliligusa jambo hili katika Rerum Novarum, mwaka 1891. Alifundisha kwamba makubaliano kati ya mwajiri na mfanyakazi hayatoshi peke yake kuufanya ujira uwe wa haki, kwa sababu mhitaji hukubali chochote kwa kuogopa kukosa vyote. Kijana anayetafuta nafasi ya mafunzo yuko katika hali hiyo. Akiambiwa hakuna hata nauli, ataitikia na kushukuru. Kuitikia kwake hakuonyeshi kwamba ametendewa haki.

Kuna jambo jingine. Nafasi ya mafunzo isiyo na malipo inamfaa nani? Inamfaa yule ambaye nyumbani kwao wanaweza kumlisha miezi mitatu bila yeye kuleta kitu. Mtoto wa mkulima, au binti anayewasomesha wadogo zake kwa kufanya vibarua wakati wa likizo, hataomba nafasi hiyo ingawa anaitamani. Mwishoni tunabaki na mashirika ya maskini yanayoendeshwa na wasioujua umaskini, huku waliouonja wakikosa uzoefu wa kuandika katika barua ya kuomba kazi. Tukidhani tumelinda usafi wa huduma, kumbe tumewafungia mlango maskini wasitumikie.

4. Onyo: nia njema haitoshi

Hata hivyo malipo peke yake hayaleti huduma njema. Mwezi Aprili 1968, Padre Ivan Illich alizungumza na wanafunzi waliotoka Marekani kwenda kusaidia vijiji vya Meksiko. Aliwaambia kwa ukali kwamba nia yao njema ilikuwa na madhara. Walikwenda kwa watu wasiowaita, wakiwa na majibu ya maswali yasiyoulizwa. Aliwashauri waje kutazama na kujifunza, lakini wasije kusaidia.

Maneno hayo yanawachoma wengi, na si lazima tukubaliane nayo yote. Lakini yanatukumbusha kwamba anayehudumiwa naye ni mtu mwenye akili na sauti. Robert Sigmon, tuliyemtaja, mwaka 1979 aliandika kanuni tatu zinazosaidia hapa. Tunazieleza kwa maneno yetu:

a) Wanaohudumiwa ndio wenye usemi juu ya huduma wanayopewa.

b) Huduma iwaache wanaohudumiwa wakiwa na uwezo zaidi wa kujihudumia wao wenyewe na kuwahudumia wengine.

c) Anayetoa huduma ni mwanafunzi pia, na ana sauti katika kuamua atajifunza nini.

Msomaji wa Mafundisho Jamii ataitambua kanuni ya auni katika mbili za kwanza: ngazi ya juu isiinyang'anye ngazi ya chini kile inachoweza kukifanya yenyewe. Ya tatu inamlinda mwanafunzi asigeuzwe mtumwa wa ofisi, wa kutumwa chai na kupanga mafaili mpaka siku zake ziishe.

5. Parokiani kwetu

Somo hili linatuhusu kwa karibu. Zahanati za majimbo, shule za parokia, vituo vya watoto yatima na ofisi za Caritas hupokea wanafunzi wa uuguzi, ualimu, uhasibu na ustawi wa jamii. Waseminari wanaosoma makala hii, wengi wao watakuwa maparoko, na barua za maombi zitafika mezani kwao. Tunapendekeza hatua nne.

Kwanza, kabla ya kumpokea mwanafunzi, tuwaulize wanaohudumiwa. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinajua shida za mtaa kuliko ofisi. Tuwaulize kazi gani inahitajika, ndipo tutafute mwanafunzi anayeifaa.

Pili, tuandike makubaliano mafupi kati ya parokia, chuo na mwanafunzi: atafanya nini, siku ngapi, nani atamsimamia, atajifunza nini na atapewa nini.

Tatu, tupange posho. Parokia nyingi hazina fedha nyingi, na hatusemi zilipe kama serikali. Lakini tufuate mfano wa Makedonia: asiye na uwezo peke yake huchangiwa. Kanda inaweza kumpa chumba, familia moja chakula cha mchana, wanataaluma wakatoliki nauli. Halmashauri ya walei ikiweka kiasi kidogo katika bajeti ya mwaka, mtoto wa maskini ataweza kuomba nafasi bila kuogopa. Kama uwezo ni wa mtu mmoja, tumpokee mmoja aliyetunzwa badala ya watano wanaoshinda njaa.

Nne, tutenge saa moja kila wiki ya kutafakari. Msimamizi aketi na mwanafunzi, wafungue Neno la Mungu, wazungumze juu ya walichokiona: nani alirudishwa bila dawa, na kwa nini? Bila saa hiyo mwanafunzi ataondoka na cheti, na parokia itakuwa imepata mikono tu.

Yakobo (5:4) anasema kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kilio chao kinafika masikioni mwa Bwana. Anawaambia matajiri, lakini taasisi ya Kanisa nayo ni mwajiri. Ikihubiri ujira wa haki siku ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei, vijana wanaofanya kazi ndani yake wanasikiliza na wanapima.

Maswali ya kujadili

1. Katika parokia yako, nani huamua huduma gani itolewe kwa wahitaji? Wahitaji wenyewe huulizwa lini?

2. Soma Mathayo 10:5-10. Utamwelezaje mwamini anayesema kwamba katekista hapaswi kupewa chochote kwa sababu anamtumikia Mungu?

3. Kuna kijana mnayemfahamu aliyeacha nafasi ya mafunzo kwa kukosa nauli au chakula? Jumuiya yenu ingeweza kumsaidia kwa njia gani?

4. Kwa waseminari: katika kazi zako za kichungaji, umejifunza nini kutoka kwa watu uliotumwa kuwahudumia?