Swichi niliyoiunda mwenyewe itaingiaje Home Assistant?

SWALI: Fundi, nachaji simu za watu kwa sola hapa Nakivale. Nimeunda swichi ya ESP8266: nikifungua /washa kwenye simu taa inawaka, /zima inazimika. Mdogo wangu wa Mbarara amenipa Raspberry Pi yenye Home Assistant. Niviunganishe vipi?

JIBU: Ndugu yangu, programu yako inahitaji nyongeza ndogo tu. Acha swichi ya aina ya rest. Hiyo kwa kawaida hutuma POST kwenye anwani moja, nawe una mbili. Tumia command_line: command_on iite curl na anwani ya /washa, command_off ya /zima.

Kisha ongeza ukurasa wa /hali unaojibu 1 au 0, usomwe na command_state. Usisahau value_template ya kulinganisha jibu na 1. Bila hiyo mfumo huangalia tu kama amri imefaulu, na curl ikijibiwa, hata kwa 0, utaambiwa taa inawaka. Hapa ndipo wengi hukwama.

Kwenye rauta, ifungie swichi anwani moja isiyobadilika. Bando likiisha, kazi itaendelea. Ila mdogo wako akitaka kuiwasha akiwa Mbarara, mpe VPN. Usimfungulie mlango wa rauta, maana swichi yako haina nywila.