SOMO LA UFUNDI: Maji na kuran katika atelie ya nyuma ya nyumba



Wengi wetu tuko na atelie ndogo nyuma ya nyumba: kaka anasude, baba anatengeneza velo ao meza. Siku moja jamaa wanasema: tutie maji na kuran. Ni wazo zuri. Lakini hivi viwili havipatani, na fundi mwenye haraka anaweza kuua mtu. Basi tujifunze.

1. MAJI. Kama tiyo ya mji haifiki, pandisha pipa la lita 200 juu ya miti. Kila metre 1 ya kimo inatoa bar 0,1 tu. Kwa metre 3 utapata bar 0,3. Inatosha kunawa na kupoza chuma. Pipa likijaa, maji peke yake ni kilo 200, kwa hiyo miti iwe na nguvu. Maji machafu nayo yapate njia: tiyo ishuke sentimetre 2 kwa kila metre. Kwa metre 5 ni sentimetre 10. Bila hivyo, maji yatalala chini, na wewe utasimama ndani yake ukishika mashini.

2. KURAN. Mbele ya kununua waya, piga hesabu: wati gawanya kwa volti ni ampere. Kwetu ni 220 V.
– Mashini ya kunoa, 1.100 W: 5 A.
– Pasi, 1.100 W: 5 A.
– Mashini ya kusude, 4.400 W: 20 A.
Jumla ni 30 A. Waya wa 2,5 mm² tunaulinda na fizibule ya 16 A. Hauwezi kubeba yote. Mashini ya kusude ipate waya wake, mnene zaidi, na fizibule yake.

Fizibule ikiungua, wengine wanatia msumari pahali pake. Hapana! Sasa kitakachoungua ni waya ndani ya ukuta, usiku, watu wakilala.

3. MWILI WA MTU. 0,03 A ikipita kifuani inaweza kufunga pumzi. Ile mashini ya kunoa inakunywa zaidi ya mara 160 ya hiyo. Tena ngozi yenye maji inapitisha kuran kwa wepesi. Ndiyo sababu:
– robine na priza zikae kila moja kwa ukuta wake;
– kila mashini ya chuma ifungwe kwa waya wa udongo, wenye rangi ya kijani na manjano;
– disjontere diferansiele ya 30 mA itiwe mbele ya priza zote;
– ukitaka kugusa waya, kata kuran kwanza, kisha pima.
Kazi ya kwenye kontere si yako. Uite watu wa SNEL.

MAULIZO
a) Randa 1.540 W, mashini ya kutoboa 660 W na resho 2.200 W ziko kwa waya mmoja wa 2,5 mm². Jumla ni ampere ngapi? Utaondoa nini?
b) Tiyo ya maji machafu iko na metre 8. Itashuka sentimetre ngapi?
c) Leo jioni, angalia fizibule za kwenu. Kuna msumari?