Ngoma Zetu, Santuri Yao

Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alinasa sauti za wapiga ngoma wa Burundi, nayo santuri ikatolewa na Ocora ya Ufaransa. Mwaka 1971 ikatokea santuri nyingine Ulaya: sauti ile ile ya ngoma, juu yake piano na gitaa, ikauzwa kwa jina la Burundi Steiphenson Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell naye aliitia katika wimbo wake. Wazee waliopiga ngoma wakabaki "Burundi" tu, kana kwamba nchi ndiyo iliyoshika mirisho!

Naandika haya, wasomaji wapenzi, kwa sababu darasa letu hapa Kigwena limetengeneza kipindi cha picha na sauti juu ya wavuvi wa ndagala, nacho kitapelekwa redioni. Wenzangu wengine wasema tutie ngoma za santuri ile, maana ngoma ni zetu. Mdundo ni wetu kweli. UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi mwaka 2014. Lakini sauti iliyonaswa ina mwenyewe.

Burundi ina sheria ya haki za watungaji tangu 2005, na mwaka 2016 iliingia katika Mkataba wa Berne wa 1886. Mkataba huo waziachia nchi kuruhusu kazi ya mtu iwe mfano katika matangazo ya kufundishia, kwa kadiri ya haja, mradi jina lake litajwe. Hautaji sekunde 30 wala 10, kama wengi wanavyodhani. Tukieleza jinsi ngoma inavyopigwa, tukasikilizisha kidogo, huo ni mfano. Tukiitandaza chini ya picha za mitumbwi ili zipendeze, hilo ni pambo, na pambo lataka ruhusa. Kupiga wenyewe nako kuna kanuni: amri ya Rais ya Oktoba 2017 ilidai ruhusa ya wizara.

Mimi naona tutumie wimbo wa babu mmoja wa mwaloni. Alikubali tuusikilize darasani. Redio ni jambo jingine, tukamwuliza tena. Wimbo ulitungwa na baba yake, aliyefariki 1989, na Mkataba hulinda kazi ya mtungaji miaka 50 baada ya kifo chake. Babu amekubali. Ametaka jina la baba yake litajwe kabla ya wimbo, si baada yake, maana mwishoni watu huzima redio.